Shamba la michikichi la marehemu baba: tulishindwa barazani, tukalipata kwa rufaa (uzi kwa wenye kesi za ardhi)

Mchikichi Mzee:

Wakuu, habari zenu. Kwa miaka mingi nimekuwa nasoma tu humu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita mama alinipigia simu asubuhi, nikasikia nyuma yake kuni zinaalika na wanawake wanaimba. Walikuwa wanakamua mawese. Chikichi zimetoka kwenye shamba la marehemu baba, shamba ambalo mama aliondolewa mwaka 2012 akarudishiwa 2023. Baada ya kukata simu nilikaa kitandani nikalia.

Shamba liko mkoa wa Kigoma. Kijiji wala wilaya sitaji, maana huu ni ugomvi wa ndani ya familia na wahusika bado tunazikana. Nataka kueleza rufaa yetu ilivyokwenda. Huku kwetu wengi wakishindwa barazani wanakunja mkeka wanarudi nyumbani. Wengine wanakata rufaa kwa hasira, wanashinda, na shamba hawalipati. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike.

Asili yake ni hivi. Baba alipewa heka sita na kijiji mwaka 1976, baada ya operesheni vijiji. Lilikuwa pori la bondeni. Alilifyeka, akapanda michikichi kwa mistari, mpakani akazungushia minyaa. Babu alipofariki akazikwa humo humo, kwenye kona ya juu. Baba naye akafariki 2007. Mama akaendelea kuvuna, mawese akiuza, mise (kokwa za chikichi) akimpelekea mama mmoja mtengeneza sabuni. Shamba hilo ndilo lililonisomesha mpaka ualimu, na sasa nafundisha Urambo.

Mwaka 2012 mama alifika shambani na panga lake akakuta vijana wasiowajua wanakata chikichi. Akaonyeshwa karatasi. Baba mdogo, mdogo wake marehemu kabisa, tumbo moja, alikuwa ameuza shamba lote kwa mfanyabiashara mmoja. Mkataba wa maandishi, mashahidi wawili, muhuri wa mtendaji wa kijiji.

Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa wazee wa ukoo, kwa mchungaji. Kikao baada ya kikao, soda baada ya soda. Kila mzee alimwambia vumilia, mambo ya ndugu hayapelekwi mahakamani. Ikapita miaka mitano.

Mwaka 2017 nilikutana na msaidizi wa kisheria, mama wa makamo asiye na ofisi, ana daftari tu na simu ya batani. Nilidhani ataniuliza nani kauza na kwa bei gani. Aliniuliza, "Baba yako alifariki lini?" Nikamjibu. Akahesabu vidole, akasema, "Mwalimu, mmelala sana. Mmebakiza chini ya miaka miwili."

Alinieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye kikao chochote cha ukoo. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Na kama mwenye shamba alifariki akiwa bado analishikilia, hesabu haianzi siku mvamizi alipoingia, inaanza siku ya kifo. Kwa hiyo yetu ilianza 2007, wakati sisi tulikuwa tunajihesabia kutoka 2012. Vile vikao vyote havikusimamisha saa hata dakika moja.

Mambo mawili mengine aliyotufanyia yule mama ndiyo yaliyotuokoa baadaye. La kwanza, alikataa mama kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe. Mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, ukoo ukakaa, muhtasari ukaandikwa, nikateuliwa msimamizi, nikapewa Fomu Namba 4 ya uteuzi huo. La pili, alisema lazima tumshtaki mnunuzi pamoja na muuzaji, yaani baba mdogo. Mama alikataa siku tatu nzima. Kumshtaki shemeji yake aliyembeba mtoto mgongoni! Lakini ukidai ardhi iliyouzwa ukamwacha muuzaji nje, shauri linaweza kuja kuanguka huko juu kwa sababu hiyo peke yake. Mwishowe akakubali.

Tukafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwaka 2018. Wakati huo ilikuwa inaruhusiwa kwenda moja kwa moja bila kupitia Baraza la Kata.

Naandaa sehemu ya pili, nina vipindi darasani.

Ziwa Tanganyika:

Mwalimu, weka haraka. Nina hukumu mkononi na hata kula sili vizuri.

Bin Ujiji:

Pole kwa mama. Lakini niseme ninachoamini: shamba la ukoo ni la ukoo. Baba mdogo ni damu ya pale, mama ni wa kuja. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao na watu waliishi kwa amani.

Mama Tausi:

Bin Ujiji mwanangu, soma tena alichoandika. Marehemu alipewa pori na kijiji akalifyeka kwa mikono yake na ya mkewe. Lilipata lini kuwa la ukoo? Na hata lingekuwa la ukoo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imesema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alishaamua kesi iliyotoka kwa Wahaya, ya mwanamke aliyerithi shamba kwa baba yake akaliuza, watu wa ukoo wakapinga kwa sababu ni mwanamke. Jaji alisema mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. Mimi ni mjane, nimeishi haya. Mjane akiitwa "wa kuja" ndani ya nyumba aliyoijenga, hayo yanaumiza kuliko msiba wenyewe.

Bin Ujiji:

Nimekusoma, mama. Hilo la kupewa na kijiji nililipita. Naomba radhi.

Mchikichi Mzee:

Sehemu ya pili.

Barazani tulileta mashahidi wanne, akiwamo mzee aliyekuwa kwenye kamati ya kijiji wakati baba anapewa eneo, na jirani wa mpaka wa kusini. Upande wa pili alikuja mnunuzi na mkataba wake, basi. Wale mashahidi wawili walioandikwa kwenye mkataba hawakuletwa. Mtendaji hakuletwa. Baba mdogo alihudhuria mara moja, akainama chini muda wote, hakurudi tena na hakutoa ushahidi.

Kisha baraza likaja kutembelea eneo. Wakuu, siku hiyo sitaisahau. Mama aliamka usiku akafagia mpaka kaburi la babu. Alimwongoza mwenyekiti wa baraza mstari kwa mstari, akamwonyesha minyaa ya mpaka, mchikichi wa kwanza kupandwa, kisiki ambapo baba aliumizwa na shoka. Nilikuwa na hakika kwamba mtu mwenye macho akiona vile kesi imekwisha.

Februari 2021 hukumu ikasomwa. Tumeshindwa. Sababu ilikuwa moja kwa kweli, ingawa iliandikwa kwa kurasa nyingi: mnunuzi ana mkataba wenye muhuri wa mtendaji, sisi hatuna andiko lolote. Mama hakulia. Alisema tu, "Kumbe walikuja kutembea."

Wiki hiyo hiyo niliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa barazani), nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Nakala ziliposikika ziko tayari nikapanda treni kutoka Urambo, nikazichukua, nikaenda kwa wakili mmoja mjini Kigoma, maeneo ya Mwanga. Alikaa na mwenendo siku mbili. Niliporudi kwake nilikuwa nimeandika sababu zangu kumi na moja kwenye karatasi, ya kwanza ni ile ya kutembelea eneo. Maana niliposoma mwenendo nilikuta safari ile yote ina mstari mmoja: "Baraza limetembelea eneo." Hakuna alichosema mama, hakuna mchoro, hakuna kaburi. Nilikuwa natetemeka kwa hasira.

Wakili alisoma karatasi yangu, akaiweka mezani, akaniuliza: "Mwalimu, unataka kushinda rufaa au unataka shamba?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Sababu za rufaa ziko za namna mbili. Kuna zinazosema baraza limekosea utaratibu: eneo limetembelewa vibaya, maoni ya wazee wa baraza (wale wanaoketi na mwenyekiti) hayakuandikwa, ushahidi haukusainiwa. Hizi Mahakama Kuu ikizikubali, mara nyingi inafuta mwenendo na hukumu, inaamuru shauri lisikilizwe upya. Umeshinda rufaa. Unarudi sifuri. Kuna nyingine zinazosema baraza limepima ushahidi vibaya. Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ya kwanza ina mamlaka, tena ina wajibu, ya kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Hizo ndizo zinazoweza kukupa shamba.

Akaniuliza mashahidi wetu wana umri gani. Yule wa kamati ya kijiji alikuwa na miaka 81. "Kesi ikianza upya, ukifika zamu yake baada ya miaka miwili, utamkuta?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Alikagua mwenendo kuhakikisha hakuna dosari kubwa ambayo jaji angeiibua mwenyewe hata sisi tukinyamaza. Wazee wa baraza walikuwapo wote, maoni yao yapo kwa maandishi na yalisomwa mbele yetu. Vizuri. Basi sababu ya kutembelea eneo tukaiacha. Sababu kumi na moja zikawa tatu.

Kumweleza mama kwamba kitu kilichomuuma kuliko vyote hakitasemwa mbele ya jaji, hiyo ndiyo kazi ngumu niliyofanya katika kesi yote. Alinyamaza kimya. Baadaye akasema, "Kama ndivyo njia ilivyo, pita." Sijui kama alinisamehe siku ile.

MwanasheriaMkongwe:

Mwalimu umeeleza vizuri kuliko baadhi yetu tunavyowaeleza wateja. Niongeze mawili matatu kwa wasomaji, kwa kuwa sheria imebadilika tangu mlipofungua shauri.

Mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa mamlaka ya kuamua nani mshindi. Kazi yake sasa ni kusuluhisha tu. Lakini huwezi kuliruka: Baraza la Wilaya halipokei shauri mpaka Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ikikaa siku 30 bila kusuluhisha, unaruhusiwa kuendelea mbele. Nimeona mashauri mazuri yakifutwa kwa kukosa karatasi hiyo ya Kata. Baraza la Wilaya lenyewe linasikiliza mgogoro wa umiliki wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300, zaidi ya hapo unaanzia Mahakama Kuu.

Rufaa kutoka Baraza la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, inapelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu uamuzi. Zikipita unaomba kuongezewa muda, na hapo utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, siku moja moja. Kesi ya Lyamuya Construction ya 2010 ndiyo inayotajwa kila mara katika maombi ya namna hiyo. "Nilikuwa sijui sheria" haikubaliki. Kulazwa hospitali kunakubalika ukiwa na vyeti. Kuchelewa kupata nakala kunakubalika kama una ushahidi kwamba uliziomba mapema na ukafuatilia.

Kijana wa Reli:

Swali kwa mwalimu: wakati rufaa inaendelea, mnunuzi alikuwa anavuna? Na je, si aliweza kukata michikichi yote akapanda vitu vyake?

Mchikichi Mzee:

Aliendelea kuvuna, kaka. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi chochote. Mwenye hukumu anaweza kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, dalali akaja, wakati rufaa yako bado iko kwenye rafu. Unatakiwa kuomba zuio kwa maombi ya pembeni. Sisi tuliomba hali ya shamba ibaki kama ilivyo, asikate mti, asiuze, asijenge. Tukapewa. Bila hilo nadhani tungerudishiwa uwanja mtupu.

Mnyamwezi wa Isevya:

Niko Tabora. Nimesoma sehemu ya pili nikasimama, nikatoka nje, nikarudi.

Sisi ni kiwanja, urithi wa marehemu kaka. Baraza silitaji. Tulishindwa, tukakata rufaa Mahakama Kuu hapa hapa Tabora. Wakili wetu aliona maoni ya wazee wa baraza hayamo kwenye mwenendo, akafurahi sana, akaacha mengine yote. Tukashinda. Tulichinja mbuzi. Shemeji zangu walitoka Nzega na Sikonge kuja kula.

Baada ya mwezi ndiyo tukaelezwa kwamba kushinda kule maana yake mwenendo wote umefutwa, tunaanza upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Shahidi wetu mkubwa, aliyemuuzia marehemu kaka kile kiwanja, alikuwa amefariki miezi minne kabla. Ushahidi wake wa kwanza ulikuwa mzuri sana, lakini umefutwa pamoja na mengine. Huu ni mwaka wa pili tangu tuanze upya na bado tuko kwenye mashahidi wa upande wa pili.

Simlaumu wakili sana. Ile dosari ilikuwa kubwa, pengine jaji angeiona tu. Ninachosikitika ni kwamba hakuna aliyetuketisha chini akatuuliza swali uliloulizwa wewe.

Mama Tausi:

Pole sana baba. Mungu awatie nguvu.

MwanasheriaMkongwe:

Ndugu wa Isevya, pole. Ni kweli jaji angeiibua. Sheria inamtaka mwenyekiti aketi na wazee wasiopungua wawili, na wazee watoe maoni kabla ya hukumu. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, ila akitofautiana nayo aseme kwa nini. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri mengi kwa kosa hilo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wote: dosari ya utaratibu izuie ikiwa bado changa. Shauri likiwa barazani, siku ya maoni ya wazee, nenda, hakikisha yanasomwa mbele yenu, hakikisha imeandikwa. Siku ya kutembelea eneo, omba kwa heshima kwamba yaliyosemwa pale yaandikwe na msomewe. Ukisubiri hadi rufaa, dosari inakuwa ya kwako kama ilivyo ya mwenzako.

Mchikichi Mzee:

Asante mwanasheria, laiti ningelijua hili 2019. Ndugu wa Tabora, pole, nimekutumia ujumbe.

Sehemu ya tatu, nimalize.

Rufaa yetu ilisikilizwa Mahakama Kuu Kigoma. Wazee wetu walikuwa wakitaka Mahakama Kuu wanapanda treni kwenda Tabora, wengine wanalala stesheni. Kuwa nayo hapa Kigoma ni jambo kubwa, nalisema kwa moyo wote.

Usitegemee kusimama mbele ya jaji kusimulia upya. Hakuna mashahidi kule. Mama alivaa kitenge chake cha harusi ya dada yangu, akajiandaa kusema, na hakuulizwa neno. Kilichosomwa ni karatasi. Mwenendo ndio shahidi wako pekee, kile kisichoandikwa mle hakikutokea. Mama alikuwa ameshapata, ndani ya sanduku la baba, karatasi ya zamani ya kijiji yenye jina la baba. Tulipata baada ya hukumu. Wakili alisema ushahidi mpya kwenye rufaa unahitaji ruhusa na sababu nzito, na "hatukutafuta vizuri sandukuni" si sababu. Tukaiacha. Jamani, fungueni masanduku ya wazee kabla hamjafungua shauri.

Sababu zetu tatu zilikuwa hizi. Ya kwanza, baba mdogo hakuwa msimamizi wa mirathi mwaka 2012, wala shamba halikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kuuza. Mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Ya pili, ardhi ya kijiji haihami kwa muhuri wa mtendaji. Inatakiwa idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na mnunuzi hakuleta muhtasari wowote wa kikao. Ya tatu, mashahidi wa mkataba na mtendaji aliyegonga muhuri hawakuitwa na hakuna sababu iliyotolewa. Shahidi muhimu akiachwa hivyo, mahakama inaruhusiwa kuona kwamba angeitwa angesema kinyume na aliyemwacha.

Wakili wa upande wa pili alijibu kwamba mnunuzi alinunua kwa nia njema, hakujua. Na ninaamini hakujua. Pia aliuliza hati yetu iko wapi. Jaji aliandika jambo ambalo nimelisoma mara nyingi, nalisema kwa maneno yangu: mtu aliyepewa ardhi na kijiji akaifyeka, akaishi nayo, majirani wakamjua, ana haki ya kimila juu ya ardhi hiyo ingawa hana karatasi. Ushahidi wa mzee wa kamati na jirani wa mpakani ulikuwa mzito kuliko mkataba ambao muuzaji mwenyewe hakuthubutu kuja kuutetea.

Hukumu ilisomwa 2022. Mauzo ni batili, shamba ni sehemu ya mirathi ya marehemu, mnunuzi aondoke. Yule mzee wa kamati alikuwa hai. Nilimpigia simu nikiwa ngazini pale mahakamani, akasema, "Niliwaambia. Nilikuwepo."

Kijana wa Reli:

Hongereni. Na mnunuzi? Kapoteza hela zake hivi hivi? Hakwenda Mahakama ya Rufani?

Mchikichi Mzee:

Alianza. Aliweka notisi ya rufaa na maombi ya kibali cha kukata rufaa. Tukarudi kwenye kusubiri, tukiwa na hukumu mkononi.

Lakini hapo ndipo mama alipofanya jambo lake. Alikwenda kwa mnunuzi nyumbani kwake, peke yake, bila kuniambia wala kumwambia wakili. Alimkuta mkewe. Alimwambia mkewe kwamba anajua na wao wameibiwa. Kwa miaka kumi wanaume tulikuwa tunapeana karatasi, na hakuna aliyewahi kusema sentensi hiyo.

Mnunuzi alikuwa amepanda michikichi mipya kama heka moja, ile mbegu ya kisasa. Mama alikubali avune ile mipya kwa misimu miwili. Yeye aliondoa notisi na maombi yake. Wakili alituandikia makubaliano na tukayasajili, maana wakili alisema mapatano ya mdomo ndiyo yaliyotuleta huku. Kisha tukaomba kukaza hukumu kule kule barazani tulikoanzia, ndiko utekelezaji unakorudi. Mwaka 2023 tukakabidhiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Dalali hakuhitajika kutumia nguvu.

Fedha zake anamdai baba mdogo. Ni haki yake na sisi hatuingilii. Baba mdogo hajaja nyumbani hadi leo. Mama humwekea chikichi kila msimu, anamtumia mtoto. Zinapokelewa.

MwanasheriaMkongwe:

Kwa faida ya wengine: notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30 tangu hukumu ya Mahakama Kuu. Kibali walichokuwa wanahitaji wakati ule kwa mashauri ya ardhi kimeondolewa na marekebisho ya 2023. Lakini shauri lililoanzia Baraza la Kata zamani bado lina masharti yake ya hoja ya kisheria, muone wakili. Na hukumu ya kurudishiwa ardhi usiilalie, nayo ina ukomo wa kuikaza, miaka 12.

Asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Barazani unaweza pia kuwakilishwa na ndugu au mtu wa nyumbani kwako kama huwezi kufika. Na hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, tafuta zinazofanana na yako kabla hujalipa mtu.

Ziwa Tanganyika:

Mwalimu, mwanasheria, nisaidieni hapa. Hukumu yangu imesomwa tarehe 4 Machi. Leo tarehe 6 Aprili. Karani ananiambia nakala ya mwenendo bado inachapwa, nisubiri nitapigiwa. Nilikuwa nimeomba kwa mdomo. Nina nakala ya hukumu tu.

MwanasheriaMkongwe:

Siku 33 zimeshapita. Siku ya 45 ni tarehe 18 Aprili, umebakiwa na 12. Usisubiri kupigiwa simu. Hukumu unayo, fuatilia dikrii kesho. Rufaa inaandaliwa kutokana na hukumu na dikrii, mwenendo utafuata. Na usihesabu kutoka siku utakayopewa nakala, hesabu kutoka siku hukumu iliposomwa, ndipo utalala usingizi.

Mchikichi Mzee:

Na barua andika leo hii, mdogo wangu. Nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uiweke kwenye nailoni. Shauri lako ni la nini?

Ziwa Tanganyika:

Shamba la bibi. Kahawa, upande wa Manyovu. Mashahidi wangu ni wawili, mmoja ana miaka 77.

Mnyamwezi wa Isevya:

Kabla ya kitu chochote, muulize wakili wako swali lile.

Ziwa Tanganyika:

Nimeliandika juu ya bahasha. Kesho saa mbili niko barazani.